Adabu na Elimu ya Kufuatilia Rekodi za Joto na Tufani

Wako watu, katika kila nchi yenye vipimajoto na madaftari, ambao habari ya kwanza wanayoitafuta asubuhi haihusu siasa wala bei za sokoni, bali yahusu hewa: wapi jana palifika nyuzi ngapi, mvua ya usiku ilikuwa milimita ngapi, na kama kiwango kilichodumu tangu zama za babu zao kimevunjwa au kingali kimesimama. Idadi yao yazidi kukua, na sababu haifichiki, kwani mwaka 2023 uliipita kwa joto miaka yote iliyopata kupimwa kabla yake, kisha mwaka 2024 ukaupita 2023, wastani wa joto la dunia ukafika takriban nyuzi 1.55 za Selsiasi juu ya ule wa miaka 1850 hadi 1900. Ikiwa wewe msomaji umo katika kundi hilo, au shauku hiyo imeanza kukuingia, makala haya yamekusudiwa kukuonyesha nini cha kupima, nini cha kusadiki, nini cha kutilia shaka, na mipaka ya adabu ambayo haifai kuvukwa.

Natanguliza neno moja, na yote yafuatayo ni sharhi yake: tarakimu peke yake haijawa rekodi. Hadithi hupokewa kwa isnadi yake, na mapokezi ambayo hajulikani aliyeyasema, wala aliyemsikia, wala mahali yalipotoka, hayajengewi hukumu. Vivyo hivyo kipimo cha joto hakina nguvu mpaka ijulikane kilisomwa na nani, kwa chombo gani, mahali gani, na saa ngapi. Mwenye kulishika neno hili hatababaishwa na uvumi, na mwenye kulipuuza atakuwa msambazaji wa uvumi huo, hata akiwa na nia njema.

Kifahamu kwanza kinachopimwa

Joto linaloingizwa katika rekodi ni joto la hewa kivulini. Haliwi joto la jua linalopiga utosini, wala la mchanga wa ufukweni, wala la bati, wala lile linaloonyeshwa na gari lililoegeshwa mchana kutwa uwanjani. Kanuni iliyokubaliwa na mataifa ni kwamba kipimajoto kiwe baina ya mita 1.25 na mita 2 juu ya ardhi, mahali pa wazi penye majani mafupi, mbali na kuta, lami na moshi wa jikoni, ndani ya kisanduku cheupe ambacho kuta zake ni vibao vya luva, ili hewa ipite bila kizuizi na miale ya jua isipenye. Kisanduku hicho huitwa kibanda cha Stevenson, kwa jina la Thomas Stevenson, mhandisi wa minara ya taa wa Scotland, ambaye ndiye baba wa mtunzi wa riwaya Robert Louis Stevenson. Katika nchi za kaskazini mlango wa kibanda huelekezwa kaskazini, ili jua lisiguse vipimo unapofunguliwa. Walakini kwetu, karibu na ikweta, ambako jua hupita kaskazini kwa miezi kadhaa na kusini kwa miezi mingine, hufaa kibanda kiwe na milango miwili, msomaji akafungua ule ulio kivulini kwa majira yale.

Jihadhari hasa na vipimo vya setilaiti, maana hivyo hupima ngozi ya ardhi wala havipimi hewa iliyo juu yake. Wataalamu wamesoma kwa setilaiti nyuzi 80.8 katika Jangwa la Lut nchini Iran, na kipimo hicho ni sahihi kwa ardhi ya pale. Lakini mtu akikuletea tarakimu hiyo akidai kwamba ndilo joto kubwa kabisa la dunia, mwambie amechanganya mambo mawili. Rekodi ya joto la hewa inayotambuliwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani ni nyuzi 56.7, iliyopimwa tarehe 10 Julai 1913 huko Death Valley, California, mahali paitwapo sasa Furnace Creek. Na hata hiyo wako wahakiki wasioiridhia mpaka leo. Upande wa baridi, rekodi ni nyuzi 89.2 chini ya sifuri, iliyopimwa katika kituo cha Vostok, Antaktika, tarehe 21 Julai 1983.

Rekodi si za aina moja

Usikiapo kwamba rekodi imevunjwa, uliza papo hapo: rekodi ipi? Kuna rekodi ya tarehe, ambayo hulinganisha leo na siku kama ya leo katika miaka iliyopita. Kuna rekodi ya mwezi. Kuna rekodi ya kituo kwa umri wake wote. Na juu yake kuna za nchi, bara na dunia. Ya tarehe huvunjika mara nyingi na haistahili kelele nyingi. Ya nchi huweza kudumu miaka mingi, na kuvunjika kwake ni jambo la kusimamisha kazi.

Kisha uliza kituo kina umri gani. Hesabu yake ni nyepesi: kama tabia ya hewa ingekuwa haibadiliki, uwezekano wa mwaka wa 10 kuishinda miaka 9 iliyoutangulia ungekuwa 1 katika 10, na uwezekano wa mwaka wa 100 kuishinda miaka 99 ungekuwa 1 katika 100. Kwa hiyo kituo kilichojengwa juzi kitavunja rekodi zake kila mara bila ya hilo kuwa ajabu, ilhali kituo kikongwe kikivunja rekodi ya joto mwaka baada ya mwaka, na rekodi za baridi zikawa haziguswi, hapo pana hoja nzito kwamba hesabu ya zamani haitoshi tena.

Wala usizitazame nyuzi za mchana tu. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio pwani ya Oman, kusini-mashariki ya Muscat, hewa haikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima, yaani wakati wa poa kuliko wote wa siku ile, ambao aghalabu huwa kabla ya macheo, ulikuwa na joto linalozidi adhuhuri kali ya Dar es Salaam. Mataifa mengi yamepita nyuzi 42 mchana. Kuzipita usiku ni jambo jingine kabisa, kwa sababu mwili uliochoshwa na hari ya mchana hutegemea usiku ili upumue, na usiku ukikataa kupoa, wazee na wagonjwa ndio wa kwanza kudhurika. Mfuatiliaji mwangalifu huandika viwango viwili kila siku, cha juu na cha chini, na hukipa cha chini heshima ileile.

Kisa cha Aziziya

Kama wataka kujua rekodi huhakikiwa vipi, hakuna darasa bora kuliko kisa cha Aziziya, mji ulio kusini-magharibi ya Tripoli nchini Libya. Kwa muda wa miaka 90 vitabu vya shule viliandika kwamba joto kubwa kabisa lililopata kupimwa duniani lilikuwa nyuzi 58, na kwamba lilipimwa pale tarehe 13 Septemba 1922, wakati Waitalia walipokuwa na kambi yao. Watu walisoma, wakahifadhi, wakafundisha.

Baadaye mwanahistoria wa hali ya hewa wa Marekani, Christopher Burt, alionyesha mashaka, na mtaalamu wa Libya, Khalid El Fadli, akaitafuta karatasi yenyewe iliyoandikwa kwa mkono siku zile, akaipata. Kazi ilikatizwa na vita vya mwaka 2011, El Fadli asisikike kwa miezi, kisha ikaendelea. Karatasi ile ilisema mambo ambayo tarakimu ilikuwa imeyaficha. Mwandiko ulibadilika siku mbili kabla ya rekodi, dalili ya kwamba msomaji mgeni alikuwa ameshika kazi. Naye aliandika viwango katika safu zisizo zake. Chombo kilikuwa cha aina ya Six-Bellani, ambacho ndani yake mna kipande kidogo kinachosukumwa na zebaki na kubaki pale joto lilipofikia. Kipimo hutakiwa kisomwe kwenye ncha ya chini ya kipande hicho, na urefu wa kipande wenyewe walingana na takriban nyuzi 7. Asiyezoea akasoma ncha ya juu, akaongeza nyuzi 7 bila kujua. Fauka ya hayo, chombo kilikuwa juu ya sakafu yenye kufanana na lami badala ya udongo wa jangwa, na kipimo chake hakikuafikiana na vituo vya jirani wala na vipimo vilivyofuata mahali palepale. Mwezi Septemba 2012 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliifuta rekodi hiyo, na taji likarudi Death Valley.

Maswali ya kuhakiki

Kisa hicho chatosha kukupa maswali ya kuuliza kila ipatikanapo habari ya ajabu. Je, chombo ni cha aina gani, na kimesahihishwa lini? Je, kimewekwa wapi, na mazingira yake yamebadilika tangu kilipowekwa, pengine kwa kujengwa barabara au kukatwa miti? Je, vituo vya jirani vilivyo katika kimo kilekile vinasema nini? Je, viwango vya siku ya kabla na ya baada vinaelekeana na kile kinachodaiwa? Na je, aliyetoa habari ni idara yenye daftari, au ni picha ya skrini iliyopita mikono mingi?

Swali la jirani ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Mwezi Juni 2021 kijiji cha Lytton, katika jimbo la British Columbia nchini Kanada, kilitoa nyuzi 46.6 tarehe 27, nyuzi 47.9 tarehe 28, na nyuzi 49.6 tarehe 29, ilhali rekodi ya Kanada nzima, iliyodumu tangu mwaka 1937, ilikuwa nyuzi 45. Kuruka nyuzi 4.6 juu ya rekodi ya taifa ni jambo ambalo kwa kawaida humfanya mhakiki akunje uso; lakini vituo vingi vya jimbo lile na vya majimbo ya Marekani yaliyo karibu navyo vilivunja rekodi zake siku zilezile, na siku tatu zikapandana kwa utaratibu, hivyo ushahidi ukatimia. Siku iliyofuata moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji hicho.

Jifunze pia kusubiri. Nyuzi 48.8 zilizopimwa karibu na Syracuse, kisiwani Sicily, tarehe 11 Agosti 2021, hazikuthibitishwa kuwa rekodi ya bara la Ulaya mpaka Januari 2024. Upepo wa kilomita 408 kwa saa uliopita katika kisiwa cha Barrow, Australia, tarehe 10 Aprili 1996, ndani ya kimbunga Olivia, ulikaa zaidi ya miaka 10 kabla ya kutambuliwa na dunia. Basi uonapo kipimo kipya, kiite kwa jina lake la haki, yaani kipimo kinachosubiri kuthibitishwa, wala usione aibu kufanya hivyo.

Makosa mawili madogo huwanasa hata wajuzi. La kwanza ni la vizio: joto likiongezeka kwa nyuzi 1.5 za Selsiasi, ongezeko hilo ni nyuzi 2.7 za Farenhaiti, wala si 34.7, kwa sababu 32 huongezwa unapobadili kiwango, haiongezwi unapobadili tofauti. La pili ni la saa: takwimu za dunia huandikwa kwa saa ya Greenwich, na saa 6 ya mchana huko ni saa 9 alasiri ya Afrika Mashariki, hivyo asiyeangalia huweka joto la alasiri katika adhuhuri, na mvua ya usiku katika siku isiyo yake.

Anzisha kituo chako

Hutafahamu vyema vipimo vya wengine mpaka uwe na vyako. Nunua kipimajoto chenye kuhifadhi kiwango cha juu na cha chini, ukiweke ndani ya kibanda cheupe kwa kanuni tulizozitaja; na kama huna wasaa wa kujenga kibanda, kitundike kivulini, upande ambao jua halifiki kutwa, mbali na ukuta, kisha uandike bayana katika daftari kwamba hakimo kibandani. Kwa mvua, tumia kipimamvua chenye mdomo wa duara ulionyooka, ukisimamishe wima mahali ambapo miti na paa havikikingi. Kumbuka kwamba milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji juu ya kila mita moja ya mraba. Kwa kanuni hiyo waweza kukihakiki chombo chako mwenyewe, na waweza pia kumweleza jirani kwa nini mvua ya milimita 100 juu ya paa la mita 50 za mraba humwaga lita 5,000 uani kwake.

Soma kila siku kwa saa ileile. Vituo vya Afrika Mashariki husoma mvua saa 3 asubuhi, nawe ukifuata saa hiyo daftari lako litaweza kulinganishwa na lao. Maji yaliyokutwa saa 3 asubuhi aghalabu yalinyesha jana au usiku, basi amua tangu mwanzo yataandikwa chini ya tarehe ipi, uiandike kanuni hiyo katika ukurasa wa kwanza, na usiibadilishe. Siku uliyosafiri, acha nafasi tupu. Usijaze kwa kukisia, maana nafasi tupu haimdanganyi mtu.

Pembeni ya tarakimu weka safu ya maneno. Andika kama ni kaskazi au kusi, kama upepo wa asubuhi ni umande utokao bara au matlai utokao mashariki, kama radi ilisikika na upande gani, kama mvua ilianza kwa manyunyu au kwa kishindo. Manahodha wa pwani yetu waliuhesabu mwaka kuanzia Nairuzi, yaani Siku ya Mwaka, wakazigawa siku zake 365 kwa makumi, wakajua kumi lipi ni la kung'oa nanga na lipi ni la kupandisha chombo pwani. Elimu hiyo ilisimama juu ya watu waliotazama mbingu kila siku na kukumbuka. Daftari lako ni mwendelezo wa kazi hiyo, nalo lina faida ya wino.

Ya kutazamwa katika bahari na nchi zetu

Mfuatiliaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kuazima maajabu. Katika pwani, joto kali ni la mwisho wa kaskazi, mwezi Februari na Machi, jua linapopita utosini na upepo ukalegea kabla ya masika. Ndani ya bara, Kabare, upande wa Kongo wa Ziwa Kivu, ndiko kunakoongoza Afrika nzima kwa umeme wa mbinguni, kwa hesabu ya setilaiti ya mimweko takriban 205 kila mwaka katika kila kilomita moja ya mraba. Na wazee wanaokumbuka mvua za mwisho wa 1961 watakueleza namna Ziwa Viktoria lilivyopanda zaidi ya mita 2 katika miaka iliyofuata.

Vimbunga ndivyo vinavyohitaji uangalifu mkubwa zaidi. Kimbunga hulishwa na bahari yenye joto la nyuzi zipatazo 26 na kuendelea, nacho huzungushwa na mzunguko wa dunia, ambao nguvu yake ya kupinda upepo hudhoofika kadiri unavyoikaribia ikweta. Ndiyo maana Msumbiji na Madagaska hupigwa mara kwa mara, na Unguja na Mombasa kwa nadra sana. Lakini nadra si muhali. Tarehe 15 Aprili 1872, katika ufalme wa Sayyid Barghash, tufani iliipiga Unguja, ikazamisha vyombo bandarini na kung'oa mikarafuu kwa wingi usiopata kuonekana, ilhali Pemba ilisalimika, na tangu hapo ikawa ndiyo nchi ya karafuu. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliingia Lindi. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Tazama miezi hiyo: tufani zote tatu zilikuja baada ya kaskazi kwisha, wakati ambao wengi huhesabu kwamba hatari imepita.

Kwa ukubwa wa mambo, Bahari ya Hindi ina rekodi mbili za dunia ambazo kila mfuatiliaji wa huku yampasa azijue. Huko Foc-Foc, katika milima ya kisiwa cha Réunion, mvua ya saa 24 mwezi Januari 1966 ilifika milimita 1,825, kimbunga Denise kilipozisukuma hewa zake zenye maji dhidi ya mlima. Na kimbunga Freddy cha mwaka 2023, kilichozaliwa karibu na Australia, kikaivuka bahari yote, kikaipiga Madagaska, kisha Msumbiji zaidi ya mara moja, kiliishi siku 36, umri ambao haukupata kuthibitishwa kwa kimbunga chochote kabla yake. Watu zaidi ya elfu moja waliangamia au kupotea, wengi wao nchini Malawi.

Adabu na usalama

Idadi hiyo ya waliokufa ndiyo inayotukumbusha adabu ya shughuli hii. Rekodi aghalabu huandikwa siku ya msiba wa watu, na furaha ya kuona tarakimu mpya haifai kutangazwa mbele ya wanaochimba matope kutafuta jamaa zao. Taja kipimo kwa unyenyekevu, taja walioathirika kabla ya kutaja rekodi, na usirushe picha ya gharika ambayo hujui ni ya mwaka gani wala nchi gani. Tahadhari ya umma ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Idara ya Hali ya Hewa Kenya na wenzao. Wewe ifikishe kama ilivyo, pamoja na tarehe na saa yake, usiipunguze wala kuitia chumvi.

Na nafsi yako ina haki juu yako. Hesabu sekunde baina ya mmweko na ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1, na zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya nyumba imara na usitoke mpaka zipite dakika 30 bila ngurumo; mwembe haukuhifadhi, hukualikia radi. Maji yaendayo kasi, hata yakiwa ya kina cha kifundo cha mguu na kidogo zaidi, huweza kumwangusha mtu mzima, basi kipimamvua kilicho ng'ambo ya mto uliofurika kisomwe kesho.

Msomaji, usingoje tufani ndipo uanze. Lipime joto la kesho, ambalo huenda likawa la kawaida kabisa, kwa sababu wingi wa siku za kawaida zilizoandikwa kwa uaminifu ndio unaoifanya siku moja ijulikane kuwa si ya kawaida. Anza mwezi ujao tarehe mosi, saa 3 asubuhi. Andika jina la mahali, aina ya chombo na jina lako katika ukurasa wa kwanza. Weka nakala ya pili kwa mtu unayemwamini. Na daftari likijaa, lipeleke likaonwe katika ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu nawe.